Kikosi Namba 2 cha Afrika Kusini: Ustadi wa Marubani na Amri za Dola

Katika majeshi ya anga, kikosi cha ndege za kivita, chenye ndege kadhaa pamoja na marubani, mafundi wa injini, mafundi wa silaha na watunza bohari, ndicho kipimo cha msingi cha nguvu ya kupigana, kwa kuwa ndege moja peke yake haina uzito wa kijeshi na jeshi zima la anga halipelekwi vitani kwa mkupuo mmoja. Kikosi hudumu kuliko ndege zake na kuliko watu wake, kwani rubani hustaafu na ndege huuzwa chakavu, ilhali namba, nembo na orodha ya vita hurithiwa na kizazi kinachofuata. Ndiyo maana historia ya kikosi kimoja, ikifuatwa kwa zaidi ya miaka 80, hufunua jambo ambalo historia ya ndege moja au ya vita vimoja haiwezi kulifunua, nalo ni jinsi ustadi uleule unavyoweza kutumika kuikomboa nchi moja na baadaye kuwaua wakimbizi katika nchi nyingine, kulingana na aliyeshika amri.

Kikosi Namba 2 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini, kinachojulikana kwa jina la Duma Warukao, kinastahili kuchunguzwa kwa jicho hilo pengine kuliko kikosi kingine chochote barani Afrika. Kilianza kupigana Kenya na Uhabeshi, kikaenda Misri, Libya na Italia, kikavuka bahari hadi Korea chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, kikarudi kuwa silaha ya utawala wa Makaburu, na leo ndicho kikosi pekee cha nchi hiyo chenye ndege za kivita zinazoruka kwa kasi kuliko sauti. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu kikosi hiki imetoka kwa askari wastaafu na wapenzi wa ndege, ambao wamehifadhi kwa uangalifu mkubwa namba za ndege, majina ya marubani na nishani, na mwanahistoria yeyote ana deni kwao. Hata hivyo mtazamo wao mara nyingi hukomea ndani ya chumba cha rubani, wakati maana ya safari ya ndege ya kivita huamuliwa na aliyeiagiza na huonekana mahali bomu linapoangukia.

Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, makoloni yake ya Eritrea, Somalia na Uhabeshi iliyokuwa imenyang'anywa uhuru wake miaka michache kabla yaliizunguka Kenya kwa upande wa kaskazini, na mwezi Julai Waingereza walilazimika kuuacha mji wa Moyale ulioko mpakani. Afrika Kusini, ambayo jeshi lake la anga lilikuwa limeundwa tangu mwaka 1920 na ni miongoni mwa yale ya kale zaidi duniani, ilipeleka Kenya marubani, mafundi na askari wa miguu, na humo ndimo Kikosi Namba 2, kilichotokana na Kikosi Namba 1, kilipoanza kazi yake ya vita mwishoni mwa mwaka huo. Ndege zake, za aina ya Hawker Fury na Gloster Gladiator, zilikuwa bado na mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya lingine, umbo ambalo Ulaya lilikuwa limekwisha kupitwa na wakati, lakini dhidi ya Waitaliano waliokatiwa njia ya kuletewa vipuri zilitosha kulinda viwanja na kushambulia malori pamoja na ndege zilizoegeshwa chini.

Kampeni hiyo ilikwenda kwa kasi isiyotarajiwa na yeyote. Kismayu ilianguka Februari 1941, Mogadishu ikafuata tarehe 25 mwezi huohuo, Addis Ababa ikatwaliwa tarehe 6 Aprili, na tarehe 5 Mei Mfalme Haile Selassie akarejea katika mji wake mkuu. Chini ya ndege hizo walikuwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakitembea jangwani kwa mamia ya kilomita, na si haki kuisimulia kazi ya marubani bila kuitaja ya hao waliokuwa ardhini. Hivyo kikosi hiki kilitoa mchango wa kweli katika kuirudishia uhuru nchi ya kwanza ya Kiafrika kuvamiwa na ufashisti. Lakini dola iliyowatuma marubani hao ilikuwa imewafuta Waafrika wa jimbo la Rasi (Cape) katika daftari la pamoja la wapiga kura mwaka 1936, na iliwakataza raia wake weusi kushika bunduki hata walipojitolea kwenda vitani, ikawaandikisha kuwa madereva, wachukuzi wa majeruhi na vibarua. Mvutano huo, wa kupigania uhuru wa wengine nje na kuunyima watu wa nyumbani, ulizaliwa pamoja na kikosi na haukukiacha kwa zaidi ya miaka 50.

Miaka minne iliyofuata inaweza kupitiwa kwa haraka, kwa sababu ilifanana na ya vikosi vingine vingi vya Jumuiya ya Madola. Kutoka Afrika Mashariki kikosi kilihamia Misri, kikapewa ndege za Kimarekani za Tomahawk na baadaye Kittyhawk, kikashiriki vita vya jangwani hadi El Alamein, kisha kikaingia Sicily na Italia kikitumia Spitfire. Jambo moja tu la kipindi hicho linahitaji kusisitizwa, nalo ni kwamba jangwani ndiko marubani wa Afrika Kusini walikobobea katika kazi ambayo haikuwa na fahari ya mapambano ya ndege kwa ndege, yaani kuruka chini chini na kuwapiga adui walioko mbele ya askari wa miguu wa upande wao. Ustadi huo ndio ulioombwa tena huko Asia miaka 5 baada ya vita kwisha.

Majeshi ya Korea Kaskazini yalivuka mstari wa mpaka tarehe 25 Juni 1950, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi wanachama ziisaidie Korea Kusini. Serikali ya D. F. Malan, iliyokuwa imeingia madarakani mwaka 1948 kwa ahadi ya ubaguzi wa rangi, ilitangaza mapema mwezi Agosti kwamba ingetoa kikosi kimoja cha ndege za kivita. Mwaka huohuo wa 1950 bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake, sheria ya kuwatenga watu kwa maeneo ya makazi, na sheria ya kuukandamiza ukomunisti, ambayo tafsiri yake ya ukomunisti ilikuwa pana kiasi cha kuweza kumnasa karibu kila mpinzani wa serikali. Kwa Malan, kupeleka marubani Korea kulikuwa njia ya kujipatia nafasi katika kambi ya Magharibi wakati ambapo India ilikuwa imekwisha kuifikisha Afrika Kusini mbele ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1946 kwa jinsi ilivyowatendea watu wenye asili ya Kihindi. Marubani wenyewe walikuwa wa kujitolea, wengi wao wakongwe wa Vita vya Pili vya Dunia, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kila mmoja wao alikwenda kuitetea siasa ya Malan.

Kikosi kiliondoka Durban kwa meli mwezi Septemba, kikafika Japani mwanzoni mwa Novemba, na baada ya mafunzo mafupi karibu na Tokyo kiliruka safari zake za kwanza za vita tarehe 19 Novemba 1950, kikiongozwa na Kamanda S. van Breda Theron na kikiwa chini ya Kamandi ya 18 ya ndege za mashambulizi ya Marekani, yaani muundo mkubwa unaounganisha vikosi kadhaa chini ya uongozi mmoja. Siku chache baadaye jeshi la China liliingia vitani kwa nguvu, na ikabidi viwanja vya karibu na Pyongyang viachwe katika baridi kali, kikosi kikirudi Suwon na hatimaye Chinhae, katika pwani ya kusini ya Korea, ambako kilipiga kambi kwa muda mrefu.

Ndege zilizotumika hazikuwa za jeti. Zilikuwa F-51D Mustang zenye propela, zilizobuniwa wakati wa vita vilivyopita ili kuwasindikiza walipuaji kwa masafa marefu na kwa kimo kikubwa. Uamuzi wa kuzitumia ulikuwa na mantiki, kwa sababu jeti za mwanzo zilizoruka kutoka Japani zilikunywa mafuta mengi kiasi kwamba zilibakiwa na dakika chache tu juu ya uwanja wa vita, wakati Mustang iliweza kutua kwenye viwanja vibovu vya Korea yenyewe na kuzunguka juu ya askari ikisubiri kuitwa. Kasoro yake ilikuwa kubwa zaidi. Injini ya Mustang ilipozwa kwa kimiminika kilichozunguka kwenye mabomba na rejeta iliyofungwa chini ya tumbo la ndege, mahali palepale panapoelekea bunduki za adui, na risasi moja ya askari wa miguu ikitoboa bomba, kimiminika huvuja, injini hupata joto kupita kiasi na kuzima katika muda wa dakika. Ndege iliyobuniwa kwa ajili ya anga za juu ilipewa kazi ya kuruka juu ya mabonde yaliyojaa bunduki, na gharama yake ililipwa kwa maisha ya marubani.

Kazi hiyo iliitwa usaidizi wa karibu wa anga, maana yake mashambulizi dhidi ya shabaha zilizo karibu sana na askari wa upande wako kiasi kwamba kosa dogo huwaua wenzako. Waangalizi katika ndege ndogo za polepole walizunguka juu ya mapambano, wakaitisha Mustang kwa redio na kuzionyesha shabaha, kisha marubani wakashuka na bunduki sita za mashine, roketi, mabomu na napalm. Napalm ni petroli iliyogandishwa ili ing'ang'anie inapoangukia na kuendelea kuwaka, nayo iliteketeza mahandaki, malori na pia vijiji ambamo askari walijificha pamoja na raia au ambamo walidhaniwa tu kuwamo. Historia ya heshima ya kikosi hiki huko Korea ni ya kweli, lakini haijakamilika bila ya moto huo, na simulizi zinazoitaja napalm kama silaha mojawapo katika orodha, bila kueleza ilichowafanya watu walioipata, zinamnyima msomaji nusu ya ukweli.

Takwimu za kikosi zinaeleza ukubwa wa kazi hiyo. Kwa muda wote wa vita kiliruka safari za vita 12,067, safari ya vita ikiwa na maana ya ndege moja kwenda na kurudi mara moja. Kati ya hizo 10,373 zilikuwa za Mustang na 1,694 za ndege ya jeti iliyozirithi. Kati ya Mustang 97 zilizotumika, 74 zilipotea. Marubani 34 walipoteza maisha na 8 walitekwa. Baadhi ya waliokufa walizikwa katika makaburi ya Umoja wa Mataifa mjini Busan, ambako Waafrika Kusini 11 wamelala hadi leo.

Jeti ilifika mwanzoni mwa mwaka 1953, kikosi kilipohamia Osan na kubadilishiwa mafunzo ili kirushe F-86F Sabre. Injini ya jeti huvuta hewa kwa mbele, huibana, huichanganya na mafuta na kuiwasha, kisha huisukuma nje kwa nyuma kwa kasi kubwa, na msukumo huo ndio unaoipeleka ndege mbele bila ya propela. Mabawa ya Sabre yalilazwa nyuma kwa pembe ya nyuzi 35, kwa kuwa bawa lililolazwa huchelewesha mkusanyiko wa hewa iliyobanwa unaoizuia ndege inapokaribia kasi ya sauti. Kwa rubani aliyezoea Mustang, ambayo propela yake iliivuta ndege upande mmoja wakati wa kupaa na ambayo gurudumu lake dogo lilikuwa mkiani, Sabre ilikuwa nyepesi kushika lakini haikusamehe uzembe, kwa kuwa injini ya jeti ya wakati ule ilichelewa kuitikia mkono wa rubani, na aliyepunguza nguvu mapema mno wakati wa kutua hakuweza kuirudisha kwa haraka. Kuanzia mwezi Machi hadi usitishaji wa vita tarehe 27 Julai, kikosi kilipoteza Sabre 4 kati ya 22.

Ukigawanya safari kwa hasara, Mustang moja ilipotea katika kila safari 140 hivi, na Sabre moja katika kila safari 420 na ushei. Ni rahisi kuhitimisha kwamba jeti iliwaokoa marubani, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa, maana Sabre ilipita juu ya bunduki za ardhini kwa kasi kubwa zaidi na haikuwa na rejeta ya kutobolewa. Lakini takwimu hizo mbili hazitoki katika vita vinavyofanana, kwa kuwa Mustang zilipigana tangu miezi ya kukimbizana kwa majeshi, wakati Sabre zilikuja mwishoni, mstari wa mbele ulipokuwa umeganda na mazungumzo ya amani yakiendelea. Sehemu ya tofauti hiyo basi ni ya injini na sehemu ni ya kalenda, na hesabu peke yake haiwezi kuzitenganisha.

Marekani ilikitunuku kikosi nishani ya kikosi kizima inayotolewa kwa jina la Rais, na Korea Kusini ikafanya vivyo hivyo. Kikosi kilipoondoka, Kamandi ya 18 iliagiza kwamba katika gwaride zake za jioni wimbo wa taifa wa Marekani utanguliwe na sauti za mwanzo za wimbo wa taifa wa Afrika Kusini, heshima ambayo wageni wachache sana wamewahi kupewa na jeshi la Marekani. Heshima hiyo ilistahiliwa na marubani. Lakini jeshi la anga la Marekani lilikuwa limeanza kuvunja utengano wa rangi katika safu zake kufuatia amri ya Rais Truman ya mwaka 1948, na miongoni mwa marubani waliokwenda Korea na Kamandi hiyohiyo ya 18 alikuwamo Daniel James, Mmarekani mweusi aliyeruka safari 101 za vita na ambaye mwaka 1975 alikuwa mtu mweusi wa kwanza nchini mwake kufikia cheo cha jenerali wa nyota nne. Mtu kama yeye asingeruhusiwa kurusha hata ndege ya mafunzo katika jeshi la wale aliopigana nao bega kwa bega.

Sabre walizorusha Korea zilikuwa mali ya Marekani na zilirudishwa. Nyumbani kikosi kilipewa Vampire za Kiingereza, na mwaka 1956 kikapata Sabre zilizoundwa Kanada, ambazo Afrika Kusini ilinunua 34. Kisha mwaka 1963 zikaja Mirage IIICZ za Ufaransa, 16 kwa idadi, zenye uwezo wa kuruka mara mbili ya kasi ya sauti. Mwaka huohuo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulianzishwa mjini Addis Ababa, mji uleule ambao kikosi hiki kilisaidia kuukomboa, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Mwaka huohuo pia Baraza la Usalama lilizitaka nchi zote ziache kuiuzia Pretoria silaha, wito uliokuwa wa hiari, ambao Marekani na Uingereza ziliufuata kwa viwango tofauti na ambao Ufaransa ilipuuza kwa zaidi ya miaka 10. Ndege mpya za kikosi zilikuwa za Kifaransa, na Paris iliendelea kuuza pale wengine walipokuwa wakijivuta.

Mirage III ina bawa la pembetatu ambalo ni jembamba na lenye nguvu, linaloifaa sana kupaa haraka na kumkabili mlipuaji anayekuja kwa kimo kikubwa, kwa kuwa ilibuniwa kuilinda anga ya Ufaransa, nchi ambayo umbali kati ya uwanja na mpaka ni mdogo. Bawa hilo huipunguzia ndege kasi nyingi inapokata kona kali, hulazimisha kutua kwa kasi kubwa, na tangi zake hazikutosha kwa nchi kama Angola, ambako Afrika Kusini ilikuja kupigana na ambako shabaha zilikuwa mbali na viwanja vya kaskazini mwa Namibia, nchi iliyokuwa bado chini ya utawala wa Pretoria. Kwa sababu hiyo mzigo mkubwa wa vita vya angani vya Angola ulibebwa na Mirage F1 za vikosi vingine, huku Kikosi Namba 2 kikifanya pia kazi ya upelelezi kwa ndege zilizofungwa kamera. Umbali huohuo uliwalinda wengi, kwani kambi ya Kongwa katika mkoa wa Dodoma, iliyowapokea wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya SWAPO cha Namibia, ANC cha Afrika Kusini, FRELIMO cha Msumbiji na MPLA cha Angola, pamoja na shule ya ANC ya Mazimbu, Morogoro, vilikuwa nje kabisa ya uwezo wa Mirage kufika na kurudi.

Kassinga haikuwa mbali kiasi hicho. Asubuhi ya tarehe 4 Mei 1978 ndege za Afrika Kusini ziliishambulia kambi hiyo ya SWAPO, iliyokuwa kilomita 250 hivi ndani ya Angola, wakati watu wengi walikuwa wamekusanyika uwanjani kwa gwaride la asubuhi. Walipuaji wa Canberra walimwaga mamia ya mabomu madogo ya kuua watu, Buccaneer zikafuata na mabomu makubwa, kisha Mirage III mbili zikaipitia kambi kwa mizinga ya milimita 30, na baada ya hapo askari wa miavuli wakashuka. Waliouawa walikuwa zaidi ya 600 kwa hesabu ya SWAPO, wengi wao wanawake na watoto. Pretoria ilisema kwamba hiyo ilikuwa kambi ya kijeshi. Wajumbe wa UNICEF waliokuwa wameitembelea muda mfupi kabla ya shambulio walikuwa wameona kambi ya wakimbizi. Na wanahistoria waliochunguza nyaraka za pande zote wanakubali kwamba wapiganaji na ofisi za kijeshi vilikuwamo, lakini pia kwamba raia walikuwa wengi mno. Siku 2 baadaye Baraza la Usalama lililaani uvamizi huo katika Azimio namba 428. Kuwepo kwa wapiganaji hakufuti kosa la kumwaga mabomu ya kutawanyika juu ya umati uliosimama kwenye gwaride, na mizinga ya Mirage iliyofuata ilifyatuliwa juu ya watu waliokuwa wakikimbia. Umoja wa Mataifa, ambao marubani wa kikosi hiki waliwahi kufa chini ya bendera yake, sasa ulikuwa unaitaja nchi yao kama mvamizi.

Tangu Novemba 1977, kwa Azimio namba 418, vikwazo vya silaha vilikuwa vimekuwa vya lazima kwa nchi zote. Vikwazo havikuisimamisha Pretoria, lakini viliilazimisha kuzikarabati ndege za zamani badala ya kununua mpya, na matokeo yake yalikuwa Cheetah, ndege iliyojengwa na kampuni ya Atlas kwa kuzifumua Mirage III hadi kwenye mifupa, kuzirefusha pua, kuziwekea mabawa madogo ya mbele, rada na elektroniki mpya, kwa msaada wa utaalamu wa Israeli. Sababu iliyoharakisha toleo la mwisho la Cheetah C ilikuwa angani mwa Angola mwaka 1987 na 1988, wakati wa mapigano ya Cuito Cuanavale, ambapo MiG-23 zilizorushwa na Wakuba zilionyesha kwamba Mirage hazikuwa tena na ubora juu ya uwanja wa vita. Hapa vikwazo vilifanya kazi ambayo wakosoaji wake wengi hawakuitambua kwa wakati: havikuondoa silaha mikononi mwa dola, bali viliifanya kila silaha iwe ghali zaidi na ichelewe kufika.

Cheetah C zilichelewa kweli. Namibia ilipata uhuru Machi 1990, kikosi kikafungwa kwa muda mwezi Oktoba mwaka huo pamoja na Mirage zake zilizochoka, na kilipofufuliwa Januari 1993 katika kituo cha Louis Trichardt, ambacho sasa kinaitwa Makhado, vita ambavyo ndege hizo 38 zilijengewa vilikuwa vimekwisha. Tarehe 10 Mei 1994 ndege za jeshi lilelile zilipita juu ya Pretoria kumpa heshima Nelson Mandela, mkuu mpya wa majeshi, ambaye serikali iliyozinunua ilikuwa imemfunga kwa miaka 27. Cheetah zilihudumu kwa miaka 15 bila kufyatua risasi vitani, zikastaafishwa Aprili 2008, na 12 za familia hiyo zikauzwa Ecuador.

Serikali ya kidemokrasia ilikuwa imekwisha kuagiza mrithi. Mwaka 1999, katika mpango mkubwa wa silaha ambao rushwa yake imeitesa siasa ya nchi hiyo hadi sasa, ilikubali kununua Gripen za Sweden, na hatimaye ikapokea 26, kati yake 17 za kiti kimoja na 9 za viti viwili. Kwa upande wa ufundi uchaguzi huo unaeleweka, kwa kuwa Gripen ina injini moja, hutua katika barabara fupi, huhudumiwa na mafundi wachache na huendeshwa kwa kompyuta zinazoiwezesha kubadili kazi kutoka ulinzi wa anga hadi mashambulizi ya ardhini. Kwa upande wa watu mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi: Catherine Labuschagne alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kurusha Gripen, na Musa Mbhokota akawa rubani wa kwanza mweusi wa ndege hiyo nchini mwake, katika kikosi ambacho kwa nusu karne kiliwafungia mlango watu wa rangi yake.

Fedha ndizo zilizokosekana. Mwaka 2013 waziri wa ulinzi alieleza kwamba takriban nusu ya Gripen ziliwekwa katika hifadhi ya muda mrefu, na kuanzia Septemba 2021 zote zilibaki chini kwa mwaka mzima kwa kukosa mkataba wa matengenezo, hadi mkataba mpya ulipopatikana Septemba 2022. Athari ya kipindi kama hicho haionekani kwenye picha ya ndege iliyoegeshwa. Rubani wa ndege ya kivita hupoteza umahiri wake asiporuka mara kwa mara, mwalimu asiyeruka hawezi kufuzisha mwanafunzi, na mafundi waliokaa bila kazi huajiriwa na mashirika ya ndege za abiria. Kwa hiyo ndege inaweza kufufuliwa kwa kusaini mkataba, lakini kizazi cha marubani huchukua miaka mingi kukijenga upya.

Goma iliuonyesha udhaifu huo. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji huo wa mashariki mwa Kongo, askari 14 wa Afrika Kusini waliuawa katika mapigano, na Tanzania na Malawi, zilizokuwa pamoja nayo katika ujumbe wa kijeshi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), zilipoteza askari pia. Hakuna Gripen iliyokuwa juu yao. Inaweza kujadiliwa kama ndege hizo zingefaa katika mazingira yale, karibu na mpaka wa nchi nyingine na juu ya mji wenye raia wengi, na mwandishi anayekumbuka Kassinga hana budi kulichukulia swali hilo kwa uzito. Lisilojadilika ni kwamba serikali iliwapeleka askari vitani bila kuamua kwanza kama ina jeshi la anga la kuwasaidia, na bunge lililopitisha bajeti za ulinzi zinazopungua mwaka hadi mwaka linabeba sehemu ya lawama.

Tarehe 4 Mei ni sikukuu ya taifa Namibia, na jina la Kassinga linajulikana kwa kila mtoto wa shule wa nchi hiyo. Jeshi la Anga la Afrika Kusini linahifadhi kwa fahari kumbukumbu za Korea, na linafanya vyema. Linapaswa pia kuzifungua kwa watafiti wa Namibia na Angola nyaraka zote za anga za siku ile, zikiwamo amri za kuruka, ripoti za marubani na picha zilizopigwa na kamera za ndege, na kuiandika Kassinga kwa jina lake katika historia rasmi ya Kikosi Namba 2, baada ya Kenya, El Alamein na Chinhae, wakati ambapo baadhi ya walionusurika bado wako hai kuisoma.